Kisomo cha Watu Wazima: Nani Anapima, na Hesabu Anampa Nani?

Katika taarifa za mwaka za vyama vingi vya msingi, kifungu cha elimu huwa kifupi kuliko vyote. Husomwa kwamba darasa la watu wazima lilifunguliwa, wanachama kadhaa wakaandikishwa, mwalimu akapatikana na vitabu vikanunuliwa. Wajumbe hupiga makofi, na mwenyekiti huendelea na kifungu kinachofuata. Kifungu hicho kikiwa ni cha mazao, hali ya mkutano hubadilika mara moja. Kilo ngapi zilipokewa ghalani? Ngapi zilipelekwa? Unyaufu umekuwa kiasi gani, na kwa nini umezidi ule wa mwaka jana? Mwanachama ambaye hakufungua kinywa wakati wa kifungu cha elimu husimama na kudai aonyeshwe daftari.

Hata hivyo fedha zinazoendesha darasa hutoka mahali pale pale zinapotoka fedha za kukarabati ghala, yaani katika mazao ya mwanachama. Desturi ya kuzitenga ni ya zamani. Chama cha Rochdale, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1844, kiliweka katika kanuni zake za mwaka 1854 kwamba asilimia 2.5 ya ziada itumike kwa elimu ya wanachama. Nayo elimu, pamoja na mafunzo na habari, imebaki kuwa kanuni ya 5 kati ya zile 7 ambazo Shirikisho la Kimataifa la Ushirika lilizithibitisha huko Manchester mwaka 1995. Kwa hiyo hakuna chama kinachoweza kusema kwamba elimu ni hisani. Ni matumizi ya fedha za watu, na matumizi ya fedha za watu hayana budi kutolewa hesabu.

Ugumu ni kwamba elimu haitiwi katika gunia ikapimwa. Karani wa mizani akikosea, kosa huonekana siku ile ile au mwisho wa msimu. Darasa likikosea, kosa hujificha miaka mingi, na aghalabu wa kwanza kulificha ni yule mwanafunzi mwenyewe kwa sababu ya haya. Makala haya yanaeleza jinsi kisomo cha watu wazima kilivyopata kupimwa katika nchi ya Tanzania, mahali vipimo hivyo vilipofaa na vilipopotosha, na namna chama cha msingi kinavyoweza kulipima darasa lake kwa vitu ambavyo tayari kinavyo kabatini.

Ni vema kwanza kukumbuka kwa nini jambo hili ni zito. Stakabadhi anayopewa mwanachama anapofikisha mazao yake ina maneno machache na tarakimu chache: tarehe, daraja la zao, uzito wa jumla, uzito baada ya kutoa gunia, bei ya kilo moja, makato ya pembejeo, ushuru, na kiasi anachostahili kulipwa. Mwanachama asiyejua kusoma huitia karatasi hiyo mfukoni na kwenda nayo nyumbani, ambako mtoto wa shule humsomea iwapo mtoto yupo na iwapo karani ameandika vizuri. Kukiwa na kosa, karani amekwisha kufunga na foleni imekwisha kutawanyika. Hapa hakuna haja ya kumshuku karani yeyote. Karani mwaminifu naye huchoka, hasa jioni gulio linapojaa watu, na kosa lisiloonwa na mwenye mali halionwi na mtu.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanaijua habari hii kwa historia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilio chao kikubwa kilikuwa mizani ya wanunuzi binafsi. Walianza kwa kuweka watu wao wenyewe wa kusimamia upimaji. Kutokana na juhudi hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake, vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lililokuja kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Ushirika huo ulianza kwa watu kutaka kuiona mizani kwa macho yao. Lakini macho peke yake hayatoshi panapokuwa na maandishi.

Pengine si kwa bahati tu kwamba sehemu hiyo hiyo ya nchi ndiyo iliyokuja kuwa shamba la majaribio la kisomo chenye manufaa. Mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, ulianzishwa mradi wenye makao makuu Mwanza, uliohudumia mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao siku hizi ni Kagera. Vitabu vyake havikuanza na habari za sungura na fisi. Mkulima wa pamba alijifunza silabi kwa maneno ya kupanda na kupalilia pamba, na wengine walikuwa na vitabu vya migomba, vya uvuvi, vya ng'ombe na vya malezi na mapishi. Wazo lilikuwa kwamba mtu mzima hujifunza haraka neno ambalo mkono wake unalijua tayari.

Mradi wa Mwanza ulikuwa tawi la Tanzania katika mpango wa majaribio wa dunia uliotokana na mkutano wa mawaziri wa elimu huko Tehran mwaka 1965, na ambao ulifanyika katika nchi 11. Tathmini ya mpango huo ilitolewa mwaka 1976, na hesabu yake ingefaa ibandikwe katika kila ofisi inayosimamia madarasa. Katika nchi zote hizo, watu wapatao milioni 1 walifikiwa na madarasa. Waliopimwa na kuonekana kuwa wamejua kusoma na kuandika walikuwa takriban 120,000. Yaani mwenye kuripoti idadi ya walioandikishwa angesema milioni moja na asiwe mwongo, na mwenye kuripoti idadi ya waliofuzu angesema laki moja na ishirini elfu, naye pia asiwe mwongo.

Tanzania yenyewe haikungoja tathmini hiyo. Mwaka 1970 ulitangazwa na Rais Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata wilaya 6, Mafia na Ukerewe zikiwa miongoni mwao, zikapewa jukumu la kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwaka kwisha. Kisha TANU ikaamua kwamba nchi nzima imalize kazi hiyo kufikia mwisho wa mwaka 1975. Madarasa yakafunguliwa shuleni, misikitini, makanisani, viwandani na chini ya miembe. Waalimu wengi walikuwa wa kujitolea, baadhi yao vijana waliomaliza shule ya msingi, na posho waliyopewa ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi.

Mwezi wa Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa taifa. Watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wameandikishwa, na zaidi ya milioni 3 walifanya mtihani. Jambo hilo lilikuwa kubwa kwa nchi yoyote, na namna mtihani ulivyopangwa inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote.

Wapangaji hawakuwagawa watu katika mafungu mawili tu, anayejua na asiyejua. Waliweka hatua 4. Hatua ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyejiandikisha na kuhudhuria angalau theluthi mbili ya vipindi. Ya pili ilikuwa ya mtu anayeweza kutambua maneno na alama na kuandika herufi na tarakimu, lakini ambaye bado hajaweza kusoma kwa kuelewa. Aliyefika hatua ya tatu aliweza kusoma sentensi fupi na kuielewa, kuandika ujumbe mfupi, na kujumlisha na kutoa. Huyo ndiye aliyehesabiwa kuwa amejua kusoma na kuandika. Hatua ya nne ilikuwa ya mtu anayekitumia kisomo chake siku zote: anasoma gazeti ajue yanayotokea, anasoma vitabu vya maelekezo juu ya kilimo bora, chakula bora na maisha bora, anaandika barua, na anaweka hesabu rahisi ya mapato na matumizi yake.

Msomaji atazame vizuri hatua hiyo ya nne. Haiulizi mtu anajua nini siku ya mtihani, bali huuliza anafanya nini baada ya mtihani. Kuweka daftari la mapato na matumizi si jambo linaloweza kuonekana kikamilifu katika chumba cha mtihani, kwa maana huonekana nyumbani, dukani na gulioni. Kwa hiyo kipimo kilichokuwa kigumu kuliko vyote kutumia ndicho kilichokuwa karibu zaidi na lengo lenyewe, na hilo ni tatizo ambalo wapimaji wa elimu ya watu wazima hawajaliepuka hata leo.

Mitihani ikaendelea mwaka 1977, 1981, 1983 na 1986. Kiwango cha watu wasiojua kusoma na kuandika, ambacho mwaka 1967 kilikuwa asilimia 67, kilitangazwa kuwa asilimia 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983 na 9.6 mwaka 1986. Tanzania ikasifiwa duniani, na sifa ile haikuwa ya bure. Wazee wengi wanaosaini majina yao leo katika vitabu vya vyama walijifunza katika miaka hiyo.

Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba karibu watu 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawakujua kusoma na kuandika. Sensa ya 2012 ilionyesha wapatao 22 katika kila 100, na ile ya 2022 wapatao 17. Asilimia 9.6 ya mwaka 1986 ilikwenda wapi?

Sababu moja ni ya kweli kabisa nayo inaumiza. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya katika miaka ya 1980, fedha za madarasa zilipungua, karatasi zikawa adimu, na madarasa mengi yakafa. Mtu aliyefika hatua ya tatu akakosa cha kusoma hurudi nyuma. Wakati huo huo watoto wengi hawakumaliza shule au hawakuanza kabisa, hasa kabla ya ada ya shule za msingi kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nao wakaja kuwa watu wazima wasiojua kusoma. Serikali ilianzisha mipango mipya katika miaka ya 1990, kama vile MUKEJA kwa watu wazima na MEMKWA kwa watoto walioikosa elimu ya msingi, lakini ukubwa wa kampeni ya zamani haukurudi.

Sababu ya pili haihusu watu bali inahusu kipimo. Mtihani wa taifa ulimpa mtu karatasi asome. Sensa humwuliza mkuu wa kaya kama fulani anajua kusoma na kuandika, naye hujibu ndiyo au hapana, na hakuna anayepewa kitu asome. Mizani hizi mbili hazifanani, na mwenye kuweka tarakimu zake katika mstari mmoja ni sawa na mwenye kulinganisha debe la mahindi na kilo za pamba. Tena kila moja ina mwelekeo wake wa kupotosha. Katika sensa, mtu huona haya kukiri. Katika kampeni, ofisi iliyotakiwa kufikia lengo ndiyo iliyokuwa ikisimamia darasa, ikitahini na kupeleka hesabu juu. Si lazima pawe na mtu mwovu ili hesabu ya namna hiyo ipande. Yatosha kila ngazi imhurumie kidogo mwanafunzi aliyekaribia kufuzu, na huruma hizo zikijumlishwa kutoka kijijini hadi taifa huwa asilimia kadhaa.

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na kipimo kingine kilichokuwa cha namna tofauti. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Waliotaka kujua kama kampeni imefaa hawakuridhika kuhesabu vikundi. Walikwenda katika vijiji vilivyochaguliwa, kabla na baada ya kampeni, wakatazama vyoo, maji na usafi wa nyumba. Choo hakina haya wala hakimwogopi mkaguzi: kimechimbwa au hakikuchimbwa. Kila mpango wa elimu ya watu wazima una choo chake, yaani kitu kinachoonekana ambacho kisingekuwapo bila elimu ile. Kazi ya kwanza ya mwenye kupima ni kukitafuta.

Kwa chama cha msingi kitu hicho kimo katika kitabu cha malipo. Kila mwanachama anapopokea fedha huweka saini au dole gumba mbele ya jina lake. Chama kinaweza kufungua kitabu cha msimu wa mwaka kabla ya darasa na kile cha msimu uliofuata, kikahesabu madole katika vyote viwili. Kazi hiyo ni ya nusu siku kwa karani mmoja na haigharimu senti. Hesabu itakayopatikana haitokani na maneno ya mwalimu, wala ya bodi, wala ya mwanafunzi, bali hutokana na alama zilizowekwa wakati hakuna mtu aliyekuwa akifikiria elimu.

Hata hivyo kitabu cha malipo nacho kina kasoro tatu ambazo ni lazima zijulikane mapema. Ya kwanza ni kwamba wapo wanaochora majina yao kama mtu achoravyo jembe, na zaidi ya jina hilo hawajui herufi yoyote. Saini huonyesha mwanzo tu. Ya pili ni macho. Mzee aliyejua kusoma tangu mwaka 1975 huenda leo anaweka dole kwa sababu haoni mstari, na anachohitaji ni miwani. Darasa halitamfaa, na chama kinachomwandikisha tena kitapoteza fedha na kumvunjia heshima.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Katika vyama vingi uanachama huandikwa kwa jina la mume, ilhali shamba hulimwa na wote wawili, na pengine mke ndiye anayebeba mzigo hadi ghalani. Katika madarasa mengi ya watu wazima wanawake ndio walio wengi. Basi chama kinaweza kuwa na darasa zuri ambalo matunda yake hayaonekani hata kidogo katika kitabu cha malipo, kwa sababu waliojifunza hawamo kitabuni. Bodi inayotazama kitabu hicho peke yake itasema darasa limeshindwa na kulifunga. Kwa kweli kilichoshindwa hapo ni rejista ya uanachama, na ni vema bodi ijiulize juu ya hilo kabla ya kumwuliza mwalimu.

Kwa sababu hizo dole gumba liende pamoja na kipimo cha pili, nacho ni stakabadhi yenyewe. Mwanafunzi hupewa stakabadhi ya kawaida ya chama iliyokwisha kujazwa, isiyo ya mtu halisi, na kuulizwa maswali matano: Mzigo huu ulipimwa lini? Uzito baada ya kutoa gunia ni kilo ngapi? Bei ya kilo ni kiasi gani? Makato ni ya nini? Je, jumla iliyoandikwa ni sahihi? Katika baadhi ya stakabadhi jumla iwe imekosewa kwa makusudi. Mwanafunzi atakayesema "hapa pamekosewa" na kuonyesha mahali, huyo amefika pale ambapo chama kilitaka afike, hata kama mwandiko wake ni mbaya.

Mtihani huo ufanywe mara tatu. Mara ya kwanza ni siku ya kuandikishwa, jambo ambalo vyama vingi huliruka kwa kuona kwamba ni kuwaaibisha watu. Lakini bila hiyo chama hakitajua ni wangapi walikuja wakiwa wanajua tayari, nao huwapo siku zote, wengine wakiwa wamesoma hadi darasa la nne na kutaka tu kujikumbusha. Mara ya pili ni darasa linapofungwa. Mara ya tatu ni miezi 6 baadaye, wakati kilichohifadhiwa kichwani tu kitakuwa kimekwisha kumwagika.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba chama kimetumia shilingi 600,000 kwa darasa la watu 40. Kwa hesabu ya walioandikishwa, kila mmoja amegharimu 15,000, na taarifa hupendeza. Waliokuwa bado wakihudhuria mwishoni ni 24, kwa hiyo kila mmoja wao amegharimu 25,000. Walioweza kuisoma stakabadhi ni 15, sawa na 40,000 kwa mtu. Kati ya hao 15, watatu waliweza tangu siku ya kwanza, hivyo darasa limewafundisha 12 kwa 50,000 kila mmoja. Baada ya miezi 6 wamebaki 10 wanaoweza, nayo gharama imekuwa 60,000. Fedha ni zile zile na darasa ni lile lile. Shilingi 60,000 si aibu. Mwanachama akilinganisha kiasi hicho na kilo anazoweza kupoteza katika misimu 10 kwa kutojua kusoma stakabadhi, huenda akaona ni rahisi. Aibu ni kuripoti 15,000 na kuishia hapo.

Mfano huo unaonyesha pia mahali pa kutazama. Watu 16 walioacha darasa ni wengi kuliko 9 waliobaki na kushindwa, kwa hiyo ubora wa mwalimu si swali la kwanza. Swali la kwanza ni kwa nini waliacha, na mara nyingi jibu lipo katika kalenda ya kilimo. Darasa lililofunguliwa mwezi wa kupalilia litakufa hata likifundishwa na profesa. Vivyo hivyo darasa lililowekwa jioni mahali pasipo na taa, au saa ambayo mama anachota maji. Mambo hayo hayamo katika uwezo wa mwalimu. Aliyepanga mwezi, saa na mahali ni bodi, na katika kutoa hesabu kila mmoja aulizwe juu ya lile aliloliamua. Mwalimu ajibu kama alifika, kama alifuata somo, na kama wale waliofika waliendelea. Bodi ijibu juu ya muda, chumba, chaki, taa na posho iliyolipwa kwa wakati. Chama kikuu nacho kijibu kama vitabu na stakabadhi za mazoezi zilifika.

Ni desturi ya muda mrefu kwamba tarakimu za elimu hupanda tu. Mwalimu humpa mratibu wa kata, mratibu humpa afisa wa wilaya, na kutoka hapo huendelea mbele wala hazirudi. Mwanafunzi aliyepimwa hapewi hata nakala ya matokeo yake, ilhali muuza pamba hawezi kukubali kuondoka gulioni bila stakabadhi. Utaratibu huo ugeuzwe. Matokeo ya kila mmoja apewe mwenyewe kwanza, kwa faragha, kisha jumla bila majina isomwe mbele ya darasa, na darasa lipewe nafasi ya kusema kilichofaa na kilichokwamisha. Baada ya hapo ndipo hesabu iende kwa bodi, kwa mkutano mkuu na kwa ofisi ya wilaya. Hesabu iliyokwisha kusomwa mbele ya wale wanaohesabiwa ni ngumu kuikuza, maana wao wanajua ni nani aliyekuwapo.

Majina ya wasiojua yasitajwe katika mkutano wowote. Wala chama kisithubutu kukataa dole gumba au kumcheleweshea mtu malipo yake ili "kumhimiza" kusoma. Mambo ya namna hiyo yakifanywa, watu hujifunza kuchora saini na si kusoma, na kitabu cha malipo hupoteza thamani yake kama kipimo siku hiyo hiyo.

Mkutano mkuu wenyewe hauhitaji taarifa ndefu. Mistari sita yatosha: walioandikishwa, waliomaliza, walioweza stakabadhi siku ya kwanza, walioweza siku ya mwisho, walioweza baada ya miezi 6, na fedha zilizotumika. Chini yake iwekwe idadi ya madole katika kitabu cha malipo kwa misimu miwili. Taarifa hiyo isomwe na mmoja wa wanafunzi, wala isisomwe na katibu. Akikwama mahali fulani katika kusoma, wajumbe watakuwa wameona kwa macho yao jambo ambalo taarifa ilikusudia kuwaeleza.

Hapana budi pia kukumbuka jambo dogo la utekelezaji ambalo huharibu mitihani mingi. Stakabadhi ya mtihani ibadilishwe kila mara. Watu wazima wana kumbukumbu kali kuliko wanavyodhaniwa, na karatasi iliyotumika mara moja hujulikana kijiji kizima kabla ya juma kwisha, pamoja na mahali lilipo kosa la makusudi. Karani aandae stakabadhi 6 au 7 zenye uzito, bei na makato tofauti, nyingine ziwe sahihi kabisa, azitie katika bahasha, na bahasha hiyo ikae kwa mtu mwingine asiye mwalimu wa darasa.